Sahani ya Pembeni

Bibi yangu,

Shikamoo, ingawa leo hakuna wa kuniitikia. Nakuandikia nimekaa kitandani mwako hapa Ibra, mlango nimeufunga, na nimekasirika.

Shangazi Zuwena kanitengea sahani. Leo, siku ya shuwa, Idi yetu ya kwanza tangu ututoke. Nyama iliyookwa ardhini imefukuliwa shimoni asubuhi, wageni wamejaa, masinia ya wali yamewekwa chini upande wa wanawake. Nikakunja miguu kukaa baina ya binti ami zangu, kama miaka yote. Shangazi akaja na sahani ya plastiki keshaipakua, akaiweka pembeni, mbali na sinia. "Wewe kula hapa. Umeshazoea vyungu vya Mayahudi, sisi hatujui mkono wako umegusa nini." Mbele ya watu, Bibi. Hata mgonjwa hatumfanyii hivyo nyumbani kwetu.

Yote kwa sababu jana aliniuliza nakula nini huko chuoni Marekani, nikamwambia kweli.

Wewe unajua ilivyokuwa. Mwaka wa kwanza nilikupigia simu nalia. Wenzangu wa nyumba walikaanga nguruwe kwenye kikaango changu, nikanunua kingine, wakakichukua tena. Nilikula mayai na mkate mpaka nguo zikawa zinanivuka. Yule bwana wa bwalo la chakula akanishauri niitoe nyama pembeni, nile wali uliobaki, kana kwamba mchuzi haukuingia humo. Ndipo nikakueleza habari ya Hana, Myahudi niliyesoma naye darasa moja. Wao wana jiko lao hapo chuoni, la kosher. Nguruwe haingii, nyama inachinjwa kwa sheria yao, hata vyombo vya nyama havichanganywi na vya maziwa. Ukasema utamuuliza shekhe kwanza.

Siku ya pili ukanipigia. "Kula, mwanangu, wale ni watu wa Kitabu. Piga bismillahi yako, ule ushibe, usije ukanifia huko." Kisha ukacheka. "Shangazi yako usimwambie. Mie n'tamwambia mwenyewe."

Hukumwambia, Bibi. Najua hukujaaliwa, lakini leo nimekulaumu, na nakulaumu bado. Maana niliposema wewe ndiye uliyeniruhusu, Shangazi alinijibu kuwa namsingizia maiti. Hapo ndipo aliponichoma, sahani ni kitu kidogo. Mimi nikusingizie wewe? Na yeye nani wa kunifunza halali? Biskuti za dukani anakula pakiti nzima hajui zimetiwa nini. Mimi niliyesoma kila pakiti niliyoishika, niliyelala na njaa katikati ya vyakula, ndiye wa kuogopwa mkono.

Baba yuko kwa wanaume. Habari imemfika, ametuma nimwone alasiri. Mama ananiambia Baba anataka nihamie chuo cha Nizwa, niwe karibu. Nimebakiza mwaka mmoja tu. Wote walioniona nikikua humu ndani wameendelea kula, na binti ami zangu walikuwa wakitazama wali.

Ile sahani sikuigusa. Nimeiacha palepale, nikaja kwako.

Sasa nikimaliza kuandika nanawa uso natoka. Baba nitamwambia maneno yako yote kama ulivyoyasema, pamoja na kicheko chako. Ya halali na haramu na amuulize shekhe amtakaye, siogopi. Lakini kama mimi ni mwongo au si mwongo, hilo atanitazama machoni aniambie mwenyewe.

Mungu akurehemu, Bibi, akupanulie kaburi lako. Ungekuwapo ungenambia nimsamehe Shangazi. Nitajaribu, si leo. Leo nakuahidi haya tu: chuo nitakimaliza kulekule nilikokianza, na katika nyumba yako sitakula peke yangu. Nakwenda kukaa kwenye sinia. Anayetaka kuinuka, ainuke yeye.

Mjukuu wako,
Rahma