Agosti Hii Sipiki Monterosso

Minori, Jumapili baada ya misa

Mama Clelia mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako limetulia licha ya ngazi za hapo Monterosso. Renzo ameniambia kwamba daktari amekubadilishia dawa na sasa unapata usingizi. Nimefurahi, na nakuomba usiziache ukijisikia nafuu kama ulivyofanya wakati wa Pasaka. Sisi huku hatujambo. Mwanao ameungua mabega kwa jua, lakini anakula na anacheka. Mimi pia nimeungua, na wala sijali.

Najua umekasirika. Fulvio alinipigia simu akanieleza kwamba hutaki jina langu litajwe mezani. Ndiyo maana nimeona niandike, kwa kuwa barua huwezi kuikatiza. Kwa miaka yote hii niliyokuwa mke wa Renzo, sikumbuki kama nimewahi kumaliza sentensi tatu mbele yako bila mtu kuniomba chumvi.

Nianzie siku ile ya Machi, tulipokula mchana nyumbani kwako Cremona. Fulvio aliuliza, huku akijipakulia, mwaka huu nitatangulia lini kwenda Monterosso kufungua nyumba yenu ya likizo na kuanika magodoro. Hakuuliza kama nitatangulia, aliuliza lini. Nikajibu kwamba mwaka huu siendi Monterosso, nataka kwenda kusini, pwani ya Amalfi. Fulvio, shemeji yangu, alicheka mpaka akaweka uma chini.

"Amalfi? Shemeji, kule kuna ngazi tu, na madereva wote wana wazimu."

"Ngazi hata Monterosso zipo," nikamwambia. "Nazijua vizuri. Mimi ndiye ninayezipanda na vikapu."

Wewe ukaniuliza, tena kwa upole, bahari ya Monterosso ina kasoro gani. Nikasema sijui, kwa sababu siingii. Ulidhani nakufanyia jeuri, na wajukuu zako wakainamia sahani zao. Lakini ilikuwa kweli, mama. Asubuhi nilikuwa sokoni, kisha narudi kupasua dagaa wakubwa wa pale na kuwajaza mkate na jibini kama ulivyonifundisha. Mliporudi na mchanga miguuni, meza ilikuwa tayari. Mlipolala mchana, nilikuwa naosha vyombo. Jioni nilisaga mrehani na kitunguu saumu kwa pasta ya watu wote, pamoja na rafiki wowote ambao wavulana wa Fulvio walikutana nao ufukweni. Bahari niliiona kupitia dirisha la jikoni, kipande cha ukubwa wa taulo. Septemba nikirudi kazini, wenzangu waliniuliza kama nilikuwa mgonjwa, maana nilirudi mweupe kuliko nilivyoondoka.

Kisha ukauliza, "Na nani atapika?" Safari hii hakuna aliyecheka. Lilikuwa swali la kweli, na watu wazima watatu wenye mikono miwili miwili walinitazama mimi wakisubiri jibu.

Renzo alijaribu kusuluhisha. Njiani kurudi nyumbani alisema twende wiki moja Monterosso na wiki moja Amalfi, kila mtu aridhike. Nikamwambia kwamba mimi siridhiki na nusu. Akatabasamu, na nikajua kwamba yeye, kama ninyi nyote, amejiambia nitalainika kabla ya kiangazi. Julai ilipofika akatoa masanduku na kuanza kupanga mashuka ya Monterosso. Mimi nikatoa sanduku langu dogo, nikaweka nguo mbili za kuogelea ambazo zilikuwa bado na vibandiko vya dukani. Ginevra ndiye aliyenipeleka stesheni. Treni ilipoanza kuondoka, binti yangu alikimbia sambamba na dirisha langu kama mtoto.

Nilifika Salerno, nikapanda boti hadi hapa Minori, kwenye pwani ya Amalfi. Mwenye nyumba ya wageni anaitwa Titina, mjane, ana sauti ya kusikika mpaka baharini. Asubuhi ya kwanza nilikunywa kahawa, kisha nikajikuta nimesimama na vikombe vya meza nzima mikononi, changu na vya wageni wengine, natafuta jiko liko wapi. Titina akanizuia mlangoni.

"We mama wa kaskazini, vikombe hivyo vina mwenyewe. Nenda baharini kabla sijakufukuza."

Nikaenda. Niliteremka kwa njia inayopita chini ya malimau, na nilikuwa na aibu ya kuvua gauni mbele ya watu, mwanamke wa umri wangu. Nilivua. Kuogelea nilifundishwa shuleni, na nilidhani nimesahau, lakini mwili haukuwa umesahau. Niliogelea mpaka pale ambapo kelele za ufukweni hazifiki, nikalala chali juu ya maji, nikalia. Sikuwa na huzuni. Sijui hata niite nini. Nilikaa majini mpaka vidole vikajikunja, na hakuna mtu aliyeniita kuuliza chakula kimefikia wapi.

Mlipofika Monterosso, Fulvio alipiga simu kwa hasira kwamba nyumba ina vumbi na hakuna hata kahawa. Nikamwambia duka liko palepale, chini ya kanisa. Akasema, "Unatuaibisha mbele ya mama." Nikamjibu kwamba hata Mirella, alipokuwa mkewe, mlimwita mvivu, na sasa naanza kuamini kwamba alikuwa amechoka tu. Akakata simu.

Halafu ukamtuma Renzo aje kunichukua. Nilikuwa gatini boti ilipoingia. Alishuka na viatu vya kamba na shati la mikono mirefu katika jua lile, uso wa mtu aliyetumwa.

"Mama anasema urudi," akasema.

"Nimesikia mama anasemaje. Wewe unasemaje?"

Alikunja mikono ya shati. Mama, mwanao ana zaidi ya miaka hamsini, na nadhani hajawahi kuulizwa hivyo kuhusu likizo. Mwishowe akasema, "Mimi nina njaa."

"Hata mimi. Twende, kuna watu wamepika."

Mezani kwa Titina aliniuliza kwa nini sikumwambia mapema kwamba ninachoka. Nikasema nilimwambia kila mwaka, lakini alikuwa anatafuna. Hakukasirika. Aliweka kijiko chini, akanisikiliza mpaka mwisho, na chakula chake kikapoa. Boti ya kurudi Salerno iliondoka bila sisi.

Sasa nikueleze jambo ambalo Renzo mwenyewe hakulijua mpaka siku hiyo. Unadhani nimefanya haya kwa ajili ya uzuri wa Amalfi. Hapana. Pwani zote mbili ni nzuri, na mimi kwa nafsi yangu ningeweza kuvumilia jiko lile mpaka nizeeke. Ni Agosti iliyopita, siku moja kabla ya sikukuu ya Bikira Maria. Wavulana wa Fulvio walikuwa wanateremka baharini, na Ginevra alikuwa nyuma yao, amevaa nguo ya kuogelea, taulo shingoni. Ukamwita arudi. Ukachukua aproni yako ya maua, ukamfunga kiunoni, ukasema, "Mama yako anazeeka. Mwakani dagaa ni wako." Ulisema kwa mapenzi, nami nililiona hilo. Ginevra akakutii, akaja kusimama kando yangu, akaanza kupasua samaki kimya, na kelele za binamu zake zilikuwa zinapanda kutoka majini.

Siku ile ndipo nilipoamua. Ningekuambia palepale ningepiga kelele, na sikutaka kukupigia kelele. Nikangoja. Lakini aproni ile haifungwi tena kiunoni mwa binti yangu, mama, wala na wewe, wala na mtu mwingine. Ginevra anafanya kazi dukani Cremona hadi Ijumaa, kisha anakuja huku kwetu. Mwakani tukija Monterosso, tutakuja kama watu wengine wanavyokuja: kila mtu atapika siku yake, Fulvio na wanawe wakiwemo. Kama haiwezekani, hatutakuja, na Renzo amenituma niandike kwamba hili tumelisema wote wawili.

Jambo la mwisho. Jana nilimwuliza Renzo kama amewahi kukuona wewe ndani ya bahari. Alifikiri sana. Akasema anakukumbuka dirishani, unawaita watoto waje kula. Ndani ya maji hakumbuki hata mara moja.

Titina ana chumba cha chini kisicho na ngazi. Fulvio anaweza kukuleta hadi Salerno, sisi tutakupokea. Utakaa kivulini, utaletewa chakula, na ukiwa tayari tutakushika mkono, mimi upande huu na mwanao upande ule, mpaka maji yakufike kifuani. Ukikataa nitasikitika sana, lakini sitarudi jikoni ili ufurahi.

Wasalimie Fulvio na wavulana, na jirani yako wa ghorofa ya juu. Renzo anakubusu. Nami nakubusu mikono yote miwili, kwa heshima na bila kujuta.

Mkaza mwanao,
Ornella