Namba Niliyokwambia Uitoe

Mutwiri, ndugu yangu uliyelala Nkubu,

Mama bado anawaambia majirani kwamba ulikuwa unaandika dereva. Wanamuuliza, "Wa lori gani?" Ulikuwa ukicheka, unamweleza ni draiva, programu inayopokea data kutoka kwa kadi ya redio na kuipitisha kwa kompyuta. Yeye anajibu, "Si ni kubeba tu?" Hakukosea sana.

Aliyekosea ni mimi. Tulianza biashara ya intaneti na redio mbili za mitumba na nyumba kumi na moja za wafanyakazi wa mashamba ya maua hapa Timau. Kompyuta sikusomea, hesabu ndiyo nilijua, na hesabu yako ilinikera. Uliweka kwenye skrini ya ofisi idadi ya pakiti mbovu za data: zilizokatika njiani, zilizodai urefu zisizo nao. Mteja akaja, akaona mia mbili na kitu, akauliza kama mtandao wetu ni mgonjwa.

"Toa hiyo namba," nikakwambia.

"Siz, kumbuka kituo cha majani chai. Karani akiona majani mabaya, hayaingii kwa gunia. Lakini hayatupi kimya kimya. Anakuonyesha, ndio ujue shamba linaugua."

Draiva nayo hivyo, ulisema. Isiiamini pakiti kwa sababu imejitambulisha. Isiipitishe mbele, isianguke kwa sababu yake, irudishe nafasi iliyoishika kwenye kumbukumbu, halafu ihesabu.

"Toa. Nataka skrini safi."

Miaka yote ulinibishia kila kitu. Siku hiyo ukanyamaza, na mpaka leo nina hasira nawe kwa kunyamaza huko.

Wiki sita skrini ilikuwa safi. Kisha asubuhi moja ya mvua mtandao ukakatika wote, simu zikaanza kulia, nami nikakwambia, "Panda mlingoti uangalie antena, dakika kumi tu." Chuma cha mlingoti kilikuwa kinateleza. Nilikuwa chini, nimeshika ngazi.

Baada ya mazishi nilifungua kazi yako. Hukuwa umetoa hesabu. Ulikuwa umeificha tu. Ilikuwa imeandikwa siku kwa siku: 212, 230, 388, ikipanda tangu maji yaanze kuingia kwenye kebo, mpaka 9,041. Ndani ya hizo wiki sita nimehesabu siku kumi na tisa za jua, ambazo ungepanda chuma kikiwa kikavu. Je, uliwahi kuiangalia? Ama ulingoja mimi niulize?

Namba nimeirudisha kwenye skrini. Ikiongezeka hata moja, nageuka kukiangalia kiti chako kabla sijajizuia.

Jana nilimwendea Mama. Anaamini ni mvua iliyokuchukua. Nikaanza kumtajia zile siku kumi na tisa, akainua mkono.

"Hesabu weka kando. Nani alimwambia apande?"

"Ni mimi, Mama."

Akarudi kuchambua maharagwe yake.

"Ulimwambia kwa Kimeru chetu ama kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

"Basi ulimwambia kama mfanyakazi."

Kimeru sikufunzwa kukiandika, Mutwiri. Jumapili nitakuja hapo ulipo nikiseme.

Ni mimi,
dada yako.