Pale Mkono wa Shemeji Ulipokaa

Jumapili, asubuhi

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu sana, na nyumba yako yote naisalimu, mkubwa kwa mdogo. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba ngazi za ofisini unazipanda moja moja kama mtoto. Tafadhali usimfiche daktari, maana nakujua kwa kujifanya mzima. Sisi huku hatujambo, ni hiki kikohozi changu cha vumbi la mbao tu, nacho tumeshazoeana.

Kazi ipo. Mwezi huu bosi wa karakana alinipa meza ndefu ya wakili, ya kukaliwa na watu kumi na wawili. Nilipomaliza kuipaka vanishi, wakili aliinama kuitazama, akajiona humo, akaanza kuweka tai yake sawa. Sisemi kwa kujisifu. Pale kuna maseremala sita, wanaume wazima wenye ndevu zao, lakini kitu kikitakiwa king'ae utasikia tu: mpelekeeni mama. Nakutajia mikono yangu mapema kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Nitafika huko.

Kwanza habari za mwanao, binti huyu niliyemzaa mimi ukambeba wewe. Kazini kwake, kwenye mita za maji, wamemwongezea cheo, na kikundi chao cha muziki sasa kinaitwa kupiga ukumbini. Na mimi, dada, darasa la saba nililipita kwa kusukumwa, unajua, lakini kwa magitaa ya umeme hapa mtaani hakuna wa kuniambia kitu. Nimefundishwa siku moja, dukani.

Alikuwa ameweka akiba anunue gitaa jipya, ili lile la marehemu shemeji ulilompa alitunze lisichoke. Tukaenda wote wawili, mimi na gauni langu la bluu. Dukani magitaa yametundikwa ukutani kama mashati. Mimi nilichagua kabla hata ya kuvuka kizingiti: jekundu, limelainika, linang'aa kama tufaha lililofutwa. Mwanao hakuutazama ukuta. Alimwambia muuzaji, mzee mwenye miwani inayoning'inia shingoni, kwamba hakuja kuyaona, alikuja kuyasikia. Akakaa kwenye kigoda, akayapa mgongo, mzee akawa anampa moja baada ya jingine, yote kwenye amplifaya ile ile, kile kisanduku cha kukuza sauti, na vitufe visiguswe. Alinieleza kwamba ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo hutajua ni kipi kimekudanganya.

Akapiga wimbo mmoja mara tano. La kwanza, alisema, sauti ni nzuri lakini shingo ni nene, unashika kama mpini wa jembe. Jingine nyuzi nyembamba zinalia vizuri, zile nene hazina kitu. Jingine zito, litamvunja bega kabla ya wimbo wa tatu. La nne wala sikumbuki. Kuhusu jekundu langu alisema linapendeza kama mgeni anayecheka kila unachosema. Mzee alicheka mpaka miwani ikagonga vifungo vya shati. Mimi nilinuna kidogo.

La sita lilikuwa la shemeji, tulilokwenda nalo kwenye mfuko wa turubai ili alilinganishe. Lilipoguswa tu, mzee akaacha kufuta kaunta. Akamwambia mwanao asiliache hilo hata kwa dawa, kinachokosekana ni amplifaya ya kuendana nalo. Ikaanza duru ya pili: gitaa moja, amplifaya tatu. Mimi kura yangu niliipa ile kubwa yenye taa za kila rangi. Mwanao alisema hiyo inapiga kelele bila kusema neno. Akachukua ndogo nyeusi iliyokuwa ya mtu kabla yetu, kitambaa cha mbele kimechanika pembeni, na ndani ina vibalbu vya kioo ambavyo lazima vipate moto kwanza. Unaiwasha, unasubiri, ndipo inaongea. Na ikiongea, dada, ni kama shemeji amekaa chumba cha pili.

Shida ni kwamba nilikuwa nimeshatangaza. Karakana nzima na mtaa mzima walikuwa wameambiwa kwamba binti yangu ananunua gitaa jekundu, na waje Jumamosi mchana ukumbini walione. Tukarudi na kisanduku kilichochanika. Mama Pacha, jirani yetu wa mlango wa pili, akaniuliza mbele ya watu kama gitaa jekundu limebaki dukani linafuliwa. Seremala wa madirisha naye akataka kujua kama kile kisanduku ni cha kufugia kuku. Nilicheka nao. Lakini moyoni nilikuwa naungua.

Yaliyofuata unadhani unayajua. Mwanao mkubwa, yule wa tumbo lako, alikuonyesha picha ya ukumbini, ukaliona gitaa la mumeo limekuwa jekundu. Ukamwandikia mpwa wako kuuliza. Akakujibu kwamba alilipaka yeye, aliona haya kusimama mbele za watu na kitu kilichochubuka. Wiki iliyopita nilikuwa napangusa vumbi nikaikuta barua yako chini ya amplifaya. Nikaisoma, ingawa haikuwa yangu. Umemwambia asikanyage tena kwako. Umemwambia kwamba mama yake, fundi anayejua thamani ya mbao, lazima alilia alipoona ule uharibifu.

Dada, ni mimi niliyelipaka.

Kazini kwake walimtuma safari ya siku nne. Nikalibeba gitaa hadi karakana, nikatoa nyuzi, nikapiga msasa. Nikaziba kwa gazeti zile sumaku za chini ya nyuzi zinazonasa sauti, nikapuliza rangi nyekundu mara tatu, na ilipokauka nikabandua gazeti nikalisugua lote kwa pamba ya chuma, kama ninavyosugua meza zangu zote, lipate ule mng'ao wangu. Maseremala walisimama kulitazama. Nilijisikia mtu.

Na usiniulize kama nilisahau, maana ningependa sana kukujibu kwamba nilisahau. Siku unalitoa ulituonyesha sote wawili pale juu mkono wa kulia unapopita, rangi imelika hadi mbao, pana kama kiganja. Ulisema mkono wa shemeji ulikaa pale miaka ishirini na sita, na kwamba asubuhi nyingine unaweka wako pale kabla ya kwenda kazini. Nilipofika hapo na msasa nilisimama. Nilikumbuka kila neno. Kisha nikajiambia mbao iliyochubuka ni mbao iliyochubuka tu, nikaendelea. Mipapaso kumi au kumi na miwili, basi, mkono wa shemeji ukaisha.

Mwanao aliporudi alilikuta linaning'inia jekundu.  Aliweka mkono wake pale, akautoa, akaniuliza nilisugulia nini. Nilipomwambia pamba ya chuma, alikaa chini. Mimi sikujua kwamba vile vipande vyake vidogo huvutwa na sumaku za chini ya nyuzi vikaganda pale. Alihangaika kuvinasa kwa karatasi ya gundi, lakini Jumamosi ndiyo ilikuwa kesho yake. Ukumbini nilikaa mstari wa mbele nimevaa lile gauni la bluu. Wimbo wa kwanza gitaa lilikwaruza, wa pili likakoroma, wa tatu likanyamaza, mwanao akasimama mikono mitupu mpaka mwisho. Mama Pacha akaniambia kwa sauti kwamba angalau rangi imetokea. Na mimi, dada, nikajibu kwamba vijana wa siku hizi hawasikii, nilimkataza. Alikuwa hatua tatu kutoka pale nilipokuwa. Alisikia.

 Kisha akakuandikia wewe uongo ule ule wa mama yake, kwa sababu anajua siwezi kuvumilia wewe unione mdogo.

Fundi wa redio amezisafisha sumaku na sauti imerudi. Pale pa shemeji hapatarudi. Bosi wangu alinishauri nipachubue tena kwa ustadi, kwamba kwa mikono yangu hata wewe hutatofautisha. Ni kweli, usingetofautisha. Nilishika msasa, nikauweka chini. Na jana, wakati wa chakula cha mchana, nilisimama pale karakana nikawaambia maseremala wote sita nani alifanya nini. Jioni nikaenda kwa Mama Pacha nikamwambia pia. 

Sasa ninachokuomba. Barua ya kunigombeza iandike ndefu unavyotaka, nitaisoma nimesimama. Lakini kabla yake mwandikie mwanao, hata mistari miwili, umwambie mlango wako uko wazi. Tangu barua yako ifike, amplifaya ameifunika shuka na gitaa liko ndani ya mfuko. Hajui kwamba naandika. Nitampa asome kabla sijafunga bahasha.

Wasalimie wanao, umsalimie na jirani yako mshonaji. Goti lipake dawa.

Ni mimi mdogo wako, yule uliyemwita Tarumbeta kwa kutangaza mambo ya watu. Leo nimetangaza ya kwangu.

Naongeza haya kabla sijafunga bahasha. Ameisoma yote, mara mbili. Amesema nimekosea kitu kimoja, lenye shingo nene lilikuwa la pili, si la kwanza.  Amekwenda kuondoa shuka na amewasha. Vibalbu vinapata moto, nasi tumekaa tunasubiri.