Kikanyagio cha Bibi Hamisa

Mabibo,
Dar es Salaam.
14 Septemba 2025

Mpendwa Baba Mdogo Mashaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na Mama Mdogo na watoto, na kwamba joto la Muscat limeanza kupungua. Kifua kinaendeleaje? Baba ananiambia bado unakohoa asubuhi. Sisi huku hatujambo. Mama anashona kama kawaida, Baba mgongo unamsumbua lakini haujamzuia kubishana na redio. Bibi ni mzima wa mwili. Mengine yake ndiyo yaliyonikalisha chini niandike.

Najua utashangaa kupokea karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu, ukiniuliza kazi imefika wapi, mie hujibu "vizuri, Baba Mdogo," kisha nikakosa la kuongeza. Kwa hiyo nimempa Zuena, jirani yetu anayerudi kazini huko Jumanne, akukabidhi mkononi.

Kwanza habari njema. Pikipiki ya marehemu Babu, ile Honda, imesimama kwa magurudumu yake. Ile rangi ya kijani aliyoipaka kwa brashi tumeitoa kwa msasa mpaka chuma kikaonekana, na Ferdinand, fundi wetu wa Tandika, amepuliza nyekundu ileile ya zamani. Nembo za tangi ulizotuma zimekaa vizuri. Taa ya nyuma inawaka. Ekzosi imerudishiwa kromi, ukiinama mbele yake unaona meno yako.

Uliniagiza iwe kama ilivyotoka kiwandani, kisibaki kilichoongezwa. Nadhani niliishika amri hiyo kuliko ulivyotarajia. Niliibandika ukutani pale gereji ile picha ya kiwanda uliyonitumia, na kila kipande nilikilinganisha nayo. Ferdinand akifunga boliti isiyofanana, namfanya aifungue. Amewatangazia mafundi wenzake kwamba nikiolewa nitampima mume kwa rula. Vioo vyenye shanga tulivitoa. Honi ya pili tuliitoa. Tulitoa na kile kizuia tope cha mpira alichokiandika Babu neno "Subira". Sikusita hata mara moja. Napenda kitu kikiwa na jibu moja, na picha ile ilikuwa nalo.

Kikabaki kikanyagio.

Sijui kama ulikisahau ulipokuwa ukiniagiza, au ndicho hasa ulichokuwa unakikumbuka. Ni lile bamba la chuma upande wa kushoto ambalo Babu alilichomelea kwenye fremu, ili Bibi akikaa upande na baibui lake miguu yote miwili ipate pa kukanyaga. Kwenye picha ya kiwanda hakipo.

Nilimuuliza Baba, ndipo akanieleza. Nilijua kwamba Bibi alikuwa muosha, lakini sikujua kuwa pikipiki ilikuwa ya kazi hiyo. Akifa mwanamke, iwe hapa Mabibo, iwe Manzese au Buguruni, watu walikuja kumwita Bibi, na Babu alimpakia na kumpeleka. Baba anasema mlio wake ukisikika mtaani, watoto waliacha mpira wakaimba, "Pikipiki ya Bi Hamisa, leo kwa nani?" Yeye alikuwa mkubwa, akazoea. Wewe uliwahi kumpasua mtoto wa watu mdomo kwa ajili ya wimbo huo, na baada ya hapo ukawa unarudi kutoka shule kwa njia ya nyuma ili usikutane nayo.

Nisamehe kama nimegusa mahali pasiponihusu. Ila ndipo nilipoelewa kwa nini hukuwahi kusema "toeni kikanyagio." Ulisema tu iwe kama ilivyotoka kiwandani.

Hata baada ya kulijua hilo sikubadili nia. Nilikumbuka wale rafiki zako wa pikipiki za zamani mtakaokutana nao Mbezi Beach mwezi ujao, kwamba hawapokei chombo kilichoongezwa vyuma. Nikamwambia Ferdinand akate. Akachora mstari wa chaki.

Jumamosi ya wiki iliyopita Bibi akasema anataka kuiona. Nikampeleka kwa bajaji. Aliizunguka polepole, akaipapasa siti mpya, akamwambia Ferdinand imependeza kama biharusi, imebaki kutafutiwa posa. Ferdinand akamjibu kwamba posa zimejaa, tatizo ni huyu somo wa biharusi, hakubali mchumba yeyote. Walinicheka wote. Kisha Bibi akaiona chaki.

"Hapa ndipo mnapokata?"

Ferdinand alinitazama mie. Nikamweleza Bibi unachokitaka, na kwamba kiwandani haikutoka na bamba lile.

"Kiwandani ilitoka haina mtu juu yake," akasema. "Haya, kateni."

Nilimuuliza kama ana hakika.

"Mashaka alikuwa akiniona nimekaa pale, anageuza njia. Alidhani simwoni. Mwanangu aliona haya, na mie sikumlaumu hata siku moja. Sasa kaomba kitu kimoja na mie ningali hai. Ferdinand, kata."

Akawasha grenda. Cheche ziliruka hadi kwenye ndala zangu, na nikamvuta Bibi mkono asogee. Hapo ndipo nilipomwona. Baba Mdogo, tangu nikiwa mdogo nimesikia wanawake wakisema kwamba Bi Hamisa hageuzi uso, awe maiti wa ajali, awe binti wa umri wangu. Siku ile alikuwa amegeukia ukuta. Aliushika kwa viganja viwili, kama mtu anayeuzuia usianguke.

Nilipiga kelele Ferdinand azime. Alizima, lakini chuma kilikuwa kimeshakatika upana wa kidole.

Nilidhani Bibi atapumua. Badala yake alinigeukia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona. Aliniuliza nani kanipa ruhusa ya kumwonea huruma mbele ya mafundi, na mie ni nani hata nisimame kati yake na mwanawe. Ferdinand alijifanya anatafuta spana. Nikamrudisha nyumbani kwa bajaji. Unajua jinsi anavyonitania, huniita mke mwenzangu. Tangu siku ile ananiita Najat.

Nyumbani sina wa kuniunga mkono. Baba anasema aliyeamua ni mdogo wake, mama yao ameridhia, na mie nimetumwa tu, nimalize nilichotumwa. Nikimweleza kuhusu ule ukuta, ananiambia nasoma sana watu nyuso, ndiyo maana silali. Labda ni kweli. Nimejiuliza mara nyingi kama nilimwona Bibi au nilijiona mwenyewe, maana mie ndiye ningetakiwa kuishi na yale niliyoyaona gereji.

Ferdinand naye ananibana, na ana haki. Anasema bamba lenye mpasuo halibebi mtu, injini ikitikisa litakatika lenyewe barabarani na kuumiza mtu. Ama likatwe lote, ama lichomelewe. Nimemwambia asifanye lolote kati ya hayo mpaka wewe ufike. Na kwa kuwa namjua Baba anavyoweza kwenda pale akatoa amri nyingine, nimeifungia pikipiki kwenye stoo ya gereji, na ufunguo ninao mie. Baba hajui. Wewe sasa unajua.

Sikuandikii nikuombe ukiache. Kama ningekuwa mimi ndiye niliyeimbiwa ule wimbo, pengine ningelikata bamba lile kwa meno. Wala simwelewi Bibi kiasi cha kumsemea, naye hakunituma. Ninachokataa ni kuikata kazi ya Babu nikiwa mie nimesimama katikati, wewe ukiwa Muscat na Bibi akiwa ameangalia ukuta, halafu tukakutana mwezi ujao kila mtu akasema imependeza.

Kwa hiyo naomba hili tu. Ukitua, usianzie gereji na usianzie Mbezi Beach. Njoo nyumbani umchukue mama yako, mwende wote Tandika. Nitawafungulia, kisha nitakaa nje. Atakuambia ukate kabla hujamuuliza, na atalisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Msikilize, ila umtazame yeye na si chuma. Baada ya hapo shika grenda, au mwachie Ferdinand achomelee. Iwe ni neno lako mbele yake.

Nisalimie Mama Mdogo, na umwambie kanga alizoniletea mara ya mwisho nimezigawana na Mama kwa ugomvi. Wabusu Farhan na Zubeda. Baba na Mama wanakusalimu sana. Bibi hajui kwamba nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake chukua zile za siku zote: ule vizuri, uswali, na usivue shati ukiwa na jasho.

Mwenyezi Mungu akuondolee kikohozi hicho, akulinde safarini, akufikishe kwetu ukiwa na moyo mkunjufu. Ukiamua kukata, sitakusumbua kwa neno. Nitapalainisha kwa msasa na kupapaka rangi mwenyewe hadi jicho la mtu lisipaone. Lakini wenzako wa Mbezi Beach wakiniuliza kama ndivyo ilivyotoka kiwandani, utawajibu wewe.

Mwanao akupendaye, hata katika ukaidi huu,

Najat Kondo