Kijiti Kilichoruka Upande

Busan, 4 Machi 1987

Mama,
Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila gundi ya viatu hapa kiwandani inanipasua kichwa. Picha aliyochora mwanangu Dallae nimepata. Watu wote kawachora mkono mmoja mmoja! Chini kaandika, "Wewe mgonjwa." Mwambie mama yake si mgonjwa, kachoka tu. Bado anashika penseli kwa kushoto?
Mwanao, Malsun

Namhae, 15 Machi

Mama Dallae,
Marahaba. Mgongo ni ule ule, na magugu ya vitunguu saumu hayaniachi. Ule mkono nimeshauweza: tangu mwezi uliopita naufunga kwa kitambaa, kutwa uko kiunoni. Akija kushika kijiko kwa kushoto mbele ya wakwe, atatukanwa nani kama si mimi? Wewe nawe nilikufunga hivyo hivyo, leo una mwandiko wa karani. Analalamika, lakini ni maigizo, kama babu yake akiambiwa akapalilie.
Mama yako

Busan, 19 Machi

Mama,
Shikamoo. Barua yako nimeisomea kwenye foleni ya chakula, na chakula kikanishinda. Dallae hugeuza herufi. Kwa herufi zetu za Kikorea maneno haya hutofautiana kwa kijiti kimoja tu: kikikaa kulia ni "mimi", kikirukia kushoto ni "wewe". Hakusema mama yake ni mgonjwa. Kasema, "Mimi mgonjwa." Na mkono mmoja ndio aliobakiwa nao.
Mfungue kabla hujamaliza kusoma hapa. Nakuheshimu, mama, ila kwa hili sikubembelezi. Mwandiko mzuri ninao, kweli. Lakini hadi leo nikiamka naupapasa kwanza mkono wa kushoto, nione kama upo.
Mwanao

Busan, 8 Aprili

Mama,
Hamjambo? Wiki tatu kimya. Niandikie hata neno moja. Msimamizi amekubali niondoke Jumamosi.
Malsun

Namhae, 10 Aprili

Mwanangu,
Sijui nianzie wapi salamu. Fundo lilikuwa limezama nyamani, kiganja kimevimba, kina usaha. Tumelala hospitali siku tisa. Mkono utabaki, wanasema, ila vidole viwili bado vizito. Sikukuandikia kwa aibu.
Jana kashika penseli kwa kushoto. Nimekaa tu namtazama. Karatasi ndiyo hii: "Wewe machozi." Kijiti kiko kushoto. Kageuza herufi, au aliniona nikilia? Nimemuuliza. Kasema, "Bibi naye! Si unajua kusoma?"
Njoo unisomee.
Mama yako