Kitanda B

Ihembe, Karagwe
6 Machi 1988

Mpwa wangu Kokwijuka,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu. Magoti yananiuma asubuhi, ikifika mchana yananisamehe. Mama Xaveri bado hajarudia kula vizuri. Hujambo wewe? Na kile kifua cha masika, kimepona?

Ulikuja tukamzika mwanangu Xaveri pamoja, ukawahi basi kabla ya wazee kukaa, kwa hiyo hujui kilichofuata. Umekulia mjini, nikueleze. Kwetu mtu anayeona safari yake imefika hulaga: anaita wakubwa wa ukoo, anasema kwa mdomo wake nani apewe nini, na neno hilo halipingwi. Binamu yako Xaveri, kwa kuwa hakuacha mke wala mtoto, alilaga kwa maneno machache. Sehemu ya juu ya kibanja chake, shamba lile la migomba na kahawa, ni ya mama yake. Kisha akasema: "Sehemu ya chini, yenye mibuni, apewe yule niliyelala naye chumba kimoja chuoni, miaka yangu miwili ya mwisho." Tukamuuliza jina. Akafumba macho. Tukadhani anapumzika, kumbe ndiyo safari yenyewe.

Sasa mdogo wangu Gosbert, ambaye shamba lake linapakana na sehemu hiyo, anasema kulaga bila jina si kulaga. Wazee wametupa muda hadi kahawa ya mwaka huu ianikwe. Baada ya hapo sehemu inarudi kwa ukoo, ndiyo kusema kwa Gosbert.

Mimi nataka neno la mwisho la mwanangu litimizwe. Sina haja nyingine iliyobaki.

Wewe uko masijala ya mabweni hapo hapo alipokuwa akisoma. Tafuta alikuwa analala na nani. Usimtafute kwa jina la Rwegoshora. Hilo ni langu mimi, na huku kila mtoto hupewa jina lake. Yeye ni Xaveri Byabato.

Mjomba wako,
Ildefonsi Rwegoshora


Chuoni
22 Aprili 1988

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, ila sasa kimejaa vumbi la kumbukumbu zako. Mpe pole Mama Xaveri. Mwambie ajaribu uji wa ulezi, hata kama ni ili apate nguvu za kunilaumu mimi.

Kilichonichelewesha kukujibu ni kazi yako, si ya ofisi. Majalada ya miaka ile yamefungwa kwa kamba za katani na kurundikwa chini ya ngazi, pamoja na magodoro mabovu. Panya wamesoma mengi kuliko mimi. Mvua nayo imeshasahihisha yaliyobaki.

Nimempata. Bweni la Tatu, chumba cha 31. Vitanda viwili. Kitanda A: Xaveri Byabato. Kitanda B alikuwepo kijana wa Iringa, akahama mwaka wa kwanza. Baada ya hapo, miaka yote miwili ya mwisho, kadi inasema: Kitanda B, kitupu.

Usikate tamaa hapo, Mjomba. Na mimi nikueleze jambo, mara moja katika maisha yetu. Wanafunzi wana kitu wanachokiita kubebana. Mwenye chumba anamlaza kwake asiye na chumba, kwa siri. Anayebebwa haandikwi popote. Na ndani ya jalada la Xaveri kuna barua ya onyo: amekutwa akimlaza mtu asiye na haki ya malazi, amtaje. Majibu yake yapo, mwandiko wake ule wa kulala upande. Ameandika: "Ni ndugu yangu kutoka nyumbani." Basi. Walimwandikia tena, akawajibu sentensi ile ile. Wakamsimamisha muhula mzima.

Kutoka nyumbani, Mjomba. Mtu huyo lazima umeshamwona huko.

Mpwa wako,
Kokwijuka


Ihembe
5 Juni 1988

Mpwa wangu,

Salamu. Mama Xaveri amekunywa uji wako, na amekulaumu kama ulivyoagiza. Mimi nimechoka. Nimetembea hadi kijiji cha Kanoni na kurudi, na miguu inanidai usingizi ambao siupati.

Ulipotaja kusimamishwa nikakumbuka. Muhula ule alirudi nyumbani akatuambia mabomba ya maji chuoni yamepasuka. Nikamwamini. Alipalilia migomba mpaka mabomba yakapona.

Kisha nikawaza: ni nani mwingine wa huku alikuwa chuoni wakati ule? Mmoja tu. Celestin wa Kanoni, mtoto wa Speciose. Huyu mama alivuka kutoka Rwanda na Celestin mgongoni, na tangu hapo anachuma kahawa za watu. Celestin nilimfundisha mwenyewe shule ya msingi, kabla sijastaafu ualimu; sasa naye anafundisha hesabu sekondari. Sote tulijua kwamba alipokuwa chuoni alilala kwa mapadre. Siku ya mazishi alishika sururu tangu asubuhi, asimpishe mtu.

Nilimkuta anasahihisha madaftari. Nikamwuliza, "Celestin, chuoni ulikuwa unalala wapi?"

"Kwa mapadre, Mwalimu."

"Mapadre gani?"

Akaweka kalamu chini. "Watu wote wameniuliza mapadre walinilisha nini. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza majina yao."

 Mama yake akaleta rubisi, ile pombe ya ndizi, tukanywa kidogo kidogo, kwani mtu aliyelala matangani kwangu si wa kuulizwa kwa haraka. Ndipo akasema: "Ili nipewe chumba walitaka karatasi za uraia. Zetu zilikuwa bado zinatembea maofisini. Xaveri akaniambia, kitanda hiki hakina mtu, lala. Wakamfukuza kwa ajili yangu. Aliporudi akanibeba tena."

Nikamwambia juu ya kibanja. Alikuwa ameshasikia, huku maneno hayasubiri kibali. Akatikisa kichwa.

"Mwalimu, nyumba hii ya mama imekaa kwenye ardhi ya kuazima. Wakisema Mnyarwanda amerithi kibanja cha marehemu, hawatanifuata mimi. Watamfuata mama. Usinitaje, tafadhali."

Speciose alikuwa mlangoni na kata mkononi. 

Jumapili wazee walikaa. Niliwasomea kutoka barua yako sehemu ya kadi tu. Gosbert akasema, "Imeandikwa kitupu? Basi kibanja tukipe kitanda." Watu wakacheka. Karibu na mimi nicheke.

Mjomba wako,
Ildefonsi


Chuoni
1 Julai 1988

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sijambo, ila barua yako imenikalisha vibaya. Huyo mjomba wangu mwingine ana bahati kwamba niko mbali.

Nimefikiri, na nitasema bila kuzunguka. Kadi ya chumba cha 31 iko mezani kwangu sasa hivi. Pale palipoandikwa kitupu pameloa, neno lenyewe limefifia. Mashine ya chapa ya miaka ile bado tunayo, na muhuri ule wa zamani uko kwenye droo yangu. Jina la Celestin linaingia pale bila kubanana. Hakuna anayekuja chini ya ngazi ile isipokuwa mimi na panya. Nikukatie nakala yenye muhuri, uwawekee wazee mbele. Wanaogopa muhuri kuliko padre, hata mama yake Celestin hawatamgusa.

Na wala si uongo, Mjomba. Alilala pale. Kadi ndiyo iliyodanganya.

Sema neno moja tu, kabla kahawa haijaanikwa.

Mpwa wako,
Kokwijuka


Ihembe
31 Julai 1988

Mpwa wangu Kokwijuka,

Salamu za hapa. Kahawa imeshaanikwa, ua wote unanuka. Mama Xaveri juzi alikula ndizi mbili na kuomba chumvi. Mimi magoti ni yale yale.

Neno lako moja ni hili: usiandike.

Usidhani mjomba wako ni mtakatifu. Nilikaa na barua yako siku nyingi na nikaitamani. Lakini fikiri nami kidogo. Xaveri alipewa kalamu, akaambiwa andika jina ubaki darasani. Akachagua kurudi kupalilia migomba. Tena Celestin analipwa na serikali kwa shahada aliyoipata akilala pale kwa siri. Mimi sijui sheria za chuo chenu, lakini najua watu: jina lililoingia kwenye kadi leo, kesho mtu atauliza lilikuwa linafanya nini pale. Kitupu kile ndicho kilichomsomesha.

Hata alipokuwa akilaga, nadhani mdomo wake ulikuwa umeshazoea kutomtaja.

Sasa sikiliza nilichofanya. Niliwaambia wazee kwamba mrithi hajapatikana. Gosbert akaanza kusimama. Nikasema, hata hivyo shamba lile nilimgawia Xaveri mimi mwenyewe, na baba yake bado anapumua. Mpaka nife nitalilima mwenyewe. Wakatazama magoti yangu. Nikasema nitaweka kibarua.

Hapo hakuna aliyebisha. Katika kila kibanja cha hapa kuna kibarua Mnyarwanda, hilo halimsumbui mtu. Kumlipa, wanajua ni shauri langu.

Kwa hiyo kila Jumamosi Celestin anakuja na jembe lake, amevua miwani. Mama yake anatangulia kuchuma. Kahawa ya sehemu ya chini inaanikwa kwenye mkeka wao na inakwenda kwao yote, na asubuhi mimi nakaa kwenye kigoda kandoni kama msimamizi mkali. Juzi Gosbert alipita njiani.

"Mwalimu, kibarua wako msomi sana."

Celestin akainama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pale umeruka majani."

Akarudi akayang'oa. Gosbert alipopotea kwenye migomba, Celestin akaniambia bila kuinua kichwa, "Mwalimu, umenibeba." Nikamwambia aangalie mizizi.

Najua hili halijakamilika, na sina nguvu ya kujidanganya. Siku nitakayokufa, kibanja kitadaiwa tena. Tumekubaliana, yeye, Speciose na mimi: mwaka huu wanaomba kiwanja cha kijiji kule Kanoni, waiondoe nyumba kwenye ardhi ya watu. Wakishahamia, nitaita wakubwa wa ukoo na kulaga mapema, nikiwa bado nina sauti, na nitalitaja jina lote la Celestin, la kwake na la baba yake. Nalirudia ninapotembea, nisije nikafumba macho nalo kama mwanangu.

Wewe irudishe kadi kwenye kamba yake, chini ya ngazi. Kitanda B kiache kitupu.

Mjomba wako,
Ildefonsi