Upepo Umegeuka, Anua

Jumatatu, 3 Oktoba 2016

Siku ya kwanza kazini nikiwa Bi. Sopko! Renata Sopko. Nimeliandika jina kwenye jalada, kwenye kikombe, hata kwenye karatasi niliyofungia mkate. Odette, mkurugenzi wetu, akaniuliza kama na kikombe nacho kimeolewa.

Akodioni ya harusi bado inalia masikioni mwangu. Na makopo ya biskuti bado yamepangana jikoni hadi dirishani. Watu wa bonde hili wanaweza kukusamehe harusi bila keki, lakini bila meza ya biskuti hapana. Mashangazi wote, majirani wote, wiki nzima ya kuoka. Cyril alinilisha moja ya jamu ya aprikoti mbele ya kasisi, makombo yakaniingia kwenye gauni. Nikikumbuka nacheka peke yangu mezani.

Kazi niliyopewa: ukurasa wa bodi. Pumzi ya Bonde ni shirika dogo la kutetea hewa safi, chumba na nusu juu ya duka la viatu, lakini Odette anasema wanaotupa misaada wanataka kujua wajumbe wetu wametoka wapi na wameongoza nini. Kwa hiyo aya moja kwa kila mjumbe, na kila aya ianze na neno lile lile: Ameongoza. Daktari wetu wa kifua: Ameongoza wodi nzima ya hospitali ya kaunti. Mzee jaji: Ameongoza mahakama. Bibi wa benki: Ameongoza matawi yote ya ng'ambo ya mto. Raha kuandika. Unajiona kama unapiga tarumbeta.

Kiti kimoja kiko wazi, cha mkazi wa kilimani kwetu, chini ya upepo wa matanuri ya kiwanda cha makaa. Wamempendekeza nani? Mama mkwe wangu! Bernadine Sopko! Kura ni Alhamisi tarehe ishirini. Karibu nimkumbatie Odette.

Jumanne, 4 Oktoba

Cyril amerudi kutoka zamu akinuka lami na kiberiti. Watu wengine wangemfungulia maji kwanza. Mimi namkumbatia kwanza! Harufu hiyo ndiyo niliyoisikia nyuma yangu kwenye foleni ya pirogi, maandazi ya viazi yauzwayo kanisani, Ijumaa ile ya Kwaresima, kabla sijageuka kuona ni ya nani. Nikageuka. Basi.

Nikamwambia habari ya Mama. Akaweka kijiko chini. Anajua tayari — kiwanda kizima kinajua. Anafanya kazi juu ya matanuri yale yale ambayo ofisi yetu inayalalamikia, kama marehemu baba yake kabla yake. Leo wamemuuliza kama mama yake ndiye atakayewalisha supu ya hewa safi matanuri yakifungwa. Alicheka nao. Ila Kubek, msimamizi wa zamu, hakucheka. Hamsalimii tena.

Na mke wa Kubek ni Lorraine! Jirani wa Mama, rafiki yake tangu wakiwa wasichana. Lorraine ndiye aliyetuokea mikate ya njugu ya harusi. Kopo lake liko hapa, la bluu, limebaki makombo. Tangu habari ienee hajavuka barabara kwenda kwa Mama.

Nikamuuliza Cyril anataka nini yeye. Akasema anataka kula. Halafu akanishika mkono chini ya meza, kwa hiyo sijakasirika.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nilikwenda kwa Mama kuchukua aya yake. Nyumba yake naipenda! Mapazia yaliyotiwa wanga, saa ya ukutani inayochelewa, picha ya Baba na kofia ya kazini. Nikatoa kalamu nikamwambia aniambie ameongoza nini.

Akaomba kwanza nimsomee za wenzake. Nikasoma. Nilidhani atafurahi, kumbe alikuwa anakunja kitambaa cha sahani, anakikunjua, anakikunja tena.

Akasema, "Sijaongoza kitu, mwanangu. Andika nimefua."

Nikataja jiko la kanisa. Hilo la Lorraine, akasema. Meza ya biskuti? Hiyo ya kila mtu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, atakaaje kati ya jaji na daktari yeye aliyeongoza sufuria. Alikubali Odette alipomwomba baada ya ule mkutano wa ukumbini, kwa sababu moyo ulimjaa. Sasa moyo umetulia. Jumatatu atampigia Odette ajitoe.

Nimerudi nikilia kidogo. Sio kwa ajili ya ukurasa. Ni kwamba nilimwona siku ile ukumbini, aliposimama akasema yeye ndiye anayefuta masizi dirishani kila asubuhi na angependa siku moja afute vumbi tu, la kawaida, kama watu wengine.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimejaribu kuandika mwenyewe. "Ameongoza uratibu wa shughuli za kijamii na tahadhari za mazingira kilimani." Nikamsomea Mama kwenye simu. Akaniuliza huyo bibi ni nani, na kama na yeye anakuja Alhamisi.

Nimefuta.

Jumapili, 9 Oktoba

Siku nzuri! Niandike polepole nisiache kitu.

Baada ya kanisa nilifua mashuka ya harusi, yale meupe ambayo Mama alitutarizia pembeni. Jua lilikuwa linawaka, nyuma ya nyumba kuna nguzo mbili za zamani na kamba. Mimi nimekulia ng'ambo ya mto, kwetu nguo zinaanikwa nje mpaka theluji. Nikabeba beseni. Cyril, mdomo umejaa biskuti, akasema, "Usianike kabla hujamuuliza Mama."

Nikamwangalia. Mtu mzima, ana ndevu! Akaanza kucheka mwenyewe hadi akakaa kwenye ngazi. Akasema maneno yamemtoka tu, hajayasema tangu akiwa mdogo. Ndipo akanihadithia.

Zamani, kabla ya kila nyumba kuwa na mashine ya kukaushia, kilima chote kilianika nje. Na adui alikuwa upepo. Ukigeuka kutoka mtoni, masizi ya matanuri yanashuka juu ya mashuka na kazi ya asubuhi imekufa. Sasa Mama, jikoni kwake, alikuwa anaona mnara wa mvuke wa kiwanda kupitia dirisha. Mvuke ukisimama wima, sawa. Ukilalia upande wa kanisa, anashika simu ya ukutani na anasema neno moja.

Anua.

Hakuna habari za asubuhi, hakuna kwaheri. Anakata. Anapiga ya pili. Lorraine alikuwa wa kwanza siku zote. Kila aliyepigiwa anapiga kwa wawili, na wawili wale kwa wawili. Halafu Cyril na Mama wanakimbia nje, shuka mbichi zinamwangukia mtoto kichwani, nyeupe kila upande, sabuni puani, mama yake anacheka mahali asipomwona. Anasema hakuna chumba alichowahi kukipenda kama kile. Na wakisimama mlangoni na beseni, unaona kilima kizima kinapoteza weupe, kamba baada ya kamba, kama mtu anayepita anazima taa.

Sasa sikiliza hili — nilitaka kulia! Baba alikuwa juu ya matanuri. Kutoka kule alikiona kilima chote. Mashuka yakianza kupotea alijua mkewe yuko kwenye simu. Jioni akiingia mlangoni, kabla ya kuvua viatu, alikuwa anamwambia: "Leo nimekuona."

Zikaja mashine za kukaushia. Kisha Baba akaanza kukohoa, na ule mwaka wa mwisho Mama hakuanika tena chochote nje. Hapo Cyril akawa anachuna rangi ya ngazi.

Nikamwambia aya ya Mama ndiyo hiyo. Ndiyo hiyo kabisa! Akatikisa kichwa. Kubek atasema Mama alikuwa anapigana na kiwanda siku zote huku kiwanda kinamlisha. Na yeye Cyril ndiye atakayesikia, kila zamu. Nikaenda kuanika mashuka bafuni.

Baadaye sana, nikisuuza vikombe, akaja nyuma yangu. "Kama ile haikuwa kuongoza, Reni," akasema, "basi sijui sisi tulikuwa tunamfuata nani." Lakini hakusema niandike.

Jumatatu, 10 Oktoba

Mama amempigia Odette. Odette hakumkubalia wala hakumkatalia, alimwomba afikiri hadi siku ya kura. Kisha akakaa kwenye ukingo wa meza yangu. Ana huzuni, hajui afanye nini. Kiti kile amekipigania mwaka mzima. Ulimi wangu ulikuwa unawasha! Lakini hadithi si yangu. Nikamtengenezea chai.

Jumatano, 12 Oktoba

Cyril amekwenda kwa Mama bila mimi kumwambia. Akaniita nimfuate. Nilipofika walikuwa mezani, macho mekundu wote wawili, wanagombania biskuti ya mwisho ya mdalasini.

Kumbe Cyril amemwambia Mama kuwa anakumbuka zile siku za kuanua. Mama alidhani mtoto alikuwa anacheza tu. Cyril akasema niandike, na Kubek asiposalimia basi asisalimie, yeye ana mke wa kumsalimia. (Mimi!)

Lakini Mama akainua kidole. "Halikuwa langu peke yangu. Bila Lorraine, neno lingeishia hapa jikoni." Lisiandikwe mpaka Lorraine akubali. Nikamuuliza kwa nini asimpigie. Akaangalia ile simu ya ukutani, bado ipo, na akasema kuna milango ambayo ukiigonga mwenyewe unaifunga zaidi.

Kwa hiyo ni mimi. Na nina kopo lake.

Jumanne, 18 Oktoba

Kopo halirudi tupu, hilo hata ng'ambo ya mto tunalijua. Nimeoka za aprikoti, kama ile niliyolishwa. Za kwanza zimeungua. Za pili nzuri!

Lorraine anakaa mtaa wa juu yetu, ua wake ninauona kutoka jikoni. Alifungua mlango kidogo. Nywele zake zimefungwa kama alivyozifunga harusini, kwa kitana cha gamba la kobe. Akapokea kopo, akalipima kwa mikono kama lina uzito wa kutosha, akasema asante, bibi harusi. Nikaanza kusema habari ya Mama. Akasema mume wake amelala, ana zamu baadaye. Nikaona nyuma yake, kwenye msumari wa mlango wa uani, mfuko wa vibanio vya nguo. Kitambaa kimepauka lakini vibanio vimejaa. Bado anaanika!

Akasema, "Mwambie mkweo..." Kisha akafunga mlango, si kwa nguvu.

Nimwambie nini?

Alhamisi, 20 Oktoba

Kura ni leo jioni. Odette amechapa ukurasa, wajumbe wote wamepangwa na picha zao, na chini kabisa jina la Mama na neno moja peke yake: Ameongoza. Kisha nafasi nyeupe. Amesema ataijaza kwa mkono ikibidi. Asipojaza, ataifunika kwa gundi na karatasi.

Mimi niko nyumbani, si siku yangu ya ofisi. Cyril ameingia zamu ya mchana, amenibusu na kofia ikaniumiza paji. Kuna jua la ajabu, majani yamewaka kilima chote. Nikasema basi, leo leo. Nikampigia Mama, nikamuuliza. Nikamsikia akisogeza pazia. Akasema mvuke uko wima, anika.

Nimeanika mashuka yangu nje! Kwa mara ya kwanza kwenye kamba ile. Yakajaa upepo kama yanapumua. Nikasimama katikati yake, na ni kweli, hakuna chumba kama kile.

Baada ya chakula cha mchana —

Simu. Mama. Sauti sikuwahi kuisikia, ya msichana, ya haraka.

"Anua."

Akakata!

Nilikimbia. Nilipokuwa na la pili mikononi simu ikalia tena. Alikuwa anahema. "Nimesahau kukwambia. Unapiga kwa wawili. Wa kwanza ni Lorraine."

Naandika mashuka yakiwa mapajani, bado mabichi, nisisahau neno hata moja. Nilimpigia. Ikaita sana. Akapokea, na mimi nikasema kama nilivyofundishwa, bila salamu: anua. Nilitakiwa kukata. Nikashindwa.

Akauliza, "Nani amekufundisha hilo?"

Nikasema, "Mama."

Akakata yeye.

Sijampigia wa pili, sijui hata ni nani. Nimeganda dirishani. Mvuke umelala upande wa kanisa. Uani kwa Lorraine kamba imejaa mashati ya kazi ya Kubek, yote, na masizi yanakuja, na hakuna mtu.

Mlango umefunguka. Ametoka. Anaangalia mnara. Hagusi mashati. Ana simu sikioni, mdomo wake umesema kitu kifupi, ameishusha, anapiga tena — na kule juu karibu na kanisa shuka la bluu ambalo mimi sikulipigia simu limetoweka.

Cyril, mpenzi, huko juu ya matanuri, geuka huku, tazama huku —